Kupunguza floridi kwenye maji ya kisima Nakuru: chujio la ndoo tatu na mkaa wa mifupa

Kabla ya kununua hata ndoo moja, pima maji. Floridi, chumvi ya madini inayoyeyuka majini kutoka kwenye miamba, haina rangi, harufu wala ladha, na visima viwili vilivyotenganishwa na ua tu vinaweza kutofautiana mara tatu. Kipimo cha jirani hakikusaidii.

Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita. Epuka ya kioo, kwa sababu floridi hushikana na kioo na kuharibu kipimo. Acha pampu ifanye kazi dakika kumi ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke kwanza, suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, kisha ijaze hadi mdomoni na uandike tarehe na jina la kisima. Maabara ya maji itakupa jibu kwa miligramu kwa lita. Ukiwa pale, omba pia pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Ikiwa unaishi karibu na machimbo ya dhahabu, omba na aseniki, madini yenye sumu. Tutaeleza baadaye kwa nini.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ndicho pia kiwango cha Kenya kwa maji ya kunywa, ni miligramu 1.5 kwa lita. Juu ya hapo meno ya watoto huanza kuota na madoa, meupe kwanza, halafu ya kahawia. Madoa hayo huingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi kama miaka minane, na hakuna dawa ya meno inayoyatoa. Maji yenye floridi nyingi zaidi yakinywewa miaka mingi hufika kwenye mifupa: mgongo na viungo hukakamaa. Kwa hiyo chujio likitosha watu wachache tu nyumbani, wa kwanza ni watoto wadogo, pamoja na mtoto anayelishwa maziwa ya kopo.

Bonde la Ufa lina tatizo hili kwa sababu ya miamba yake ya volkano. Maji ya chini ya ardhi hapa yana chumvi nyingi za sodiamu na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo ambayo ingeikamata floridi na kuitua chini. Isipokuwapo, floridi hubaki imeyeyuka. Ndiyo maana tatizo limezoeleka Njoro, Rongai, Gilgil, Elementaita na Naivasha, na ndiyo maana kuchimba kisima kirefu zaidi mara nyingi hakuponyi kitu, wakati mwingine huzidisha.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Ukichemsha lita 20 zikabaki 18, floridi ni ile ile, sasa iko ndani ya maji machache zaidi. Klorini haiigusi, mchanga hauigusi, na yale machujio ya mshumaa wa udongo yanayouzwa mjini huzuia vijidudu vizuri lakini floridi hupita.

Namba yako inasema nini

Chini ya 1.5, funga ukurasa huu, hangaika na vijidudu tu.

Kati ya 1.5 na kama 4, fikiria maji ya mvua kabla ya chujio. Mvua haina floridi ya kuhesabika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 40 za mraba, kwa mwaka wa milimita 800 na ukitoa sehemu moja ya tano inayomwagika, hupata zaidi ya lita 25,000. Shida ni mahali pa kuyaweka. Familia ya watu watano hutumia lita 20 hadi 25 kwa siku kwa kunywa na kupikia, kwa hiyo kiangazi cha Desemba hadi katikati ya Machi kinahitaji tangi la lita 2,500 hivi. Tangi likiwa dogo, changanya: maji ya kisima yenye 4, kipimo kimoja, na ya mvua vipimo viwili, hutoa mchanganyiko wa 1.3. Hesabu ni kugawanya tu. Watu hupuuza njia hii kwa sababu haionekani kama teknolojia, lakini kwa kisima cha 3 au 4 ndiyo rahisi kuliko zote.

Kuanzia 3 hadi kama 8, chujio la mkaa wa mifupa linafaa sana. Zaidi ya 10, mkaa unachoka haraka mno kwa matumizi ya nyumbani. Tafuta chanzo kingine, au changanya na mvua kwanza ndipo uchuje.

Wengine watakuambia kuhusu shabu na chokaa. Njia hiyo ilitoka India na ikajaribiwa Arusha: kwenye ndoo ya lita 20 unaweka gramu 12.8 za shabu na 6.4 za chokaa, unakoroga kwa kasi dakika moja, polepole dakika tano, unaacha yatulie saa moja, kisha unateka ya juu kupitia kitambaa. Inafanya kazi. Lakini maji ya 8 au 9 hushuka hadi 2 hivi, si chini ya kikomo, na kazi ya kupima gramu kila asubuhi huishia njiani.

Mkaa wenyewe

Mkaa wa mifupa ni mifupa ya ng'ombe, mbuzi na wengine iliyochomwa bila hewa ya kutosha, kwenye nyuzi 400 hadi 500 za selsiasi, kisha ikavunjwa. Kinachofanya kazi ni madini ya mfupa: floridi ya majini huingia ndani yake na kuchukua nafasi ya kitu kingine, ambacho hutoka. Nafasi hizo zina idadi. Kumbuka hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inatokana nalo.

Nunua mkaa uliotengenezwa na watu wa kazi hiyo. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi hii kwa miaka mingi, ikishirikiana na watafiti wa maji wa Uswisi, na Nakuru si mahali pa kukosa mkaa. Kuchoma kwenye pipa nyuma ya nyumba tunakukataza, si kwa moshi na harufu tu: bila kipimajoto cha tanuri huwezi kujua uko wapi, na nyuzi mia moja au mia mbili kupita kiasi huua uwezo wa mkaa.

Unapofika kununua, chukua punje tatu au nne, zivunje kwa koleo, uangalie katikati. Kijivu kwa ndani na kwa nje, hata kijivu cheusi, ni mkaa mzuri. Mweusi unaong'aa kwa nje na kahawia ndani haujaiva: bado una mafuta na nyama, na utatoa maji ya manjano yanayonuka. Mweupe kama chaki umeungua. Maji yatatoka masafi na matamu, na floridi itapita karibu yote. Huu mweupe ndio wa hatari, kwa sababu wateja huupenda kwa usafi wake. Ukiwa na shaka juu ya ule mweusi, loweka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji usiku kucha, asubuhi unuse.

Punje ziwe kati ya milimita 0.6 na 2. Kubwa kuliko hapo, maji hupita pembeni mwa punje bila kuingia ndani. Vumbi nalo huziba. Chekeche la unga litakuondolea vumbi.

Wanaohitaji kujua mifupa ni ya mnyama gani kwa sababu za dini wamuulize muuzaji kabla ya kulipa. Ni swali la kawaida katika biashara hii.

Vifaa

Ndoo tatu za lita 20 zenye vifuniko, za plastiki ya chakula, zisiwe zilizobeba rangi au dawa ya mifugo. Mkaa kilo 10, ambao hujaa kama lita 14. Mifereji miwili ya plastiki ya nusu inchi. Tanki konekta moja ya nusu inchi, kiungo cha kupitisha paipu ubavuni mwa ndoo, yenye wosha za mpira. Paipu ya nusu inchi mita moja, elbo mbili, kifuniko kimoja cha paipu, thredi tepu. Wavu wa nailoni wa kuzuia mbu, kipande cha kurudufu mara mbili kuzunguka paipu. Kokoto za ukubwa wa maharagwe, lita mbili, zilizooshwa. Na stendi ya mbao ya ngazi tatu: ndoo ya katikati ikilowa hupita kilo 20, kwa hiyo rafu ya ukutani ya kuwekea vyombo haitoshi.

Ndoo ya juu hushika maji ya kisima, ya katikati mkaa, ya chini maji yaliyochujwa. Unaweza kulazimisha kwa ndoo mbili, lakini mkaa ukishaingia kwenye ndoo hubaki nafasi ya lita tatu tu juu yake, na mtu atachoka kumimina kikombe kikombe. Ndoo ya juu inafanya kazi hiyo usiku watu wakilala.

Kuunganisha

Anza na ndoo ya katikati, ndiyo yenye kazi. Toboa tundu ubavuni, sentimita 3 kutoka chini, kwa drili. Tundu la msumari wa moto halitoki mviringo na litavuja daima. Weka tanki konekta na wosha ndani na nje, kaza kwa mkono, kisha robo zamu kwa spana. Ukizidisha, ndoo hupasuka pole pole baada ya wiki, wakati tayari imejaa mkaa.

Ndani, unga kipande cha paipu cha sentimita 18 kilichozibwa mwisho, ukikatie mipasuko kwa msumeno wa chuma kila sentimita moja, nusu ya upana wake tu. Kizungushie wavu mara mbili na ufunge kwa uzi wa nailoni. Waya hushika kutu.

Nje, paipu isishuke moja kwa moja. Ipandishe kwa elbo hadi sentimita 2 juu ya pale mkaa utakapofika, ndipo igeuke na kumwaga kwenye ndoo ya chini. Sehemu hii ndiyo mafundi huiona kama mapambo, wakaikata ili kuokoa paipu. Bila shingo hiyo ndoo hukauka kila maji yanapoisha juu, hewa hujaa kati ya punje, na maji yanayofuata hutafuta njia moja tu ya kupitia na kuacha mkaa mwingine bila kazi.

Funika paipu ya ndani kwa kokoto, sentimita 4 hivi.

Osha mkaa kwenye beseni hadi maji yatoke safi, kisha uloweke siku nzima. Usiumimine mkavu. Jaza ndoo maji hadi nusu, halafu shusha mkaa kwa kikombe, kidogo kidogo, ukigonga ubavu wa ndoo ili viputo vya hewa vitoke. Maji yawe juu ya mkaa wakati wote. Ukimaliza, sawazisha kwa mkono na ulaze juu yake kifuniko cha plastiki kilichotobolewa matundu madogo mengi, ili maji ya juu yasichimbe shimo.

Ndoo ya juu na ya chini zinahitaji mfereji tu. Wa juu uweke sentimita 3 kutoka chini, mchanga utue chini yake.

Kuweka mwendo

Maji yanahitaji muda ndani ya mkaa. Lita 15 kwa saa ndio mwendo wa juu kabisa kwa kilo 10. Jaza ndoo ya juu mpaka pomoni, weka kikombe cha mililita 250 chini ya mfereji wake, ufungue kidogo kidogo hadi kikombe kijae kwa dakika moja, si chini ya hapo. Pima ndoo ikiwa imejaa: maji yakipungua mwendo hupungua wenyewe, na huo hauna hasara. Piga alama kwa wino pale mkono wa mfereji uliposimama, maana kuna mtu atakuja na haraka zake.

Ndoo tatu za kwanza zimwagie maua. Zitakuwa na ladha ya magadi na labda vumbi jeusi. Ya nne ionje, na upeleke chupa maabara. Mkaa mpya mzuri huleta chini ya nusu miligramu. Ukipata zaidi ya 1 siku ya kwanza, mkaa ni mbovu au maji yanapita kasi. Punguza mwendo nusu na upime tena kabla ya kumlaumu muuzaji.

Hesabu ya lita

Mkaa unapochoka hakuna kinachobadilika. Maji hutoka yale yale, kwa mwendo ule ule, ladha ile ile. Familia nyingi zenye machujio haya hunywa floridi kamili zikiamini zimelindwa, kwa sababu ndoo bado zipo kwenye stendi na maji bado yanatiririka. Lazima uhesabu.

Chukua kwamba kila gramu ya mkaa itabeba miligramu 1 ya floridi. Mkaa mzuri hupita hapo kidogo. Baki na 1. Kilo 10 ni miligramu 10,000. Kisima chako kina 6, na maji yanatoka na wastani wa 0.5, kwa hiyo kila lita inaacha 5.5 ndani ya mkaa. Gawanya 10,000 kwa 5.5: lita 1,800. Ukichuja ndoo moja ya lita 20 kwa siku, ni siku 90. Kisima cha 3 hukupa lita 4,000, zaidi ya miezi sita. Kisima cha 10 hukupa kama 1,050, siku hamsini na kitu. Sasa unaona kwa nini tulisema utafute chanzo kingine.

Tundika kadibodi kando ya stendi, na kalamu kwa uzi. Kila ndoo inayomiminwa juu, mstari mmoja. Mistari mitano inafungwa fungu, nalo ni lita 100. Kwa kisima cha 6, mafungu 18 na mkaa unabadilishwa. Mtoto wa darasa la pili anaiweza kazi hii na huifanya kwa uaminifu kuliko watu wazima.

Pima maabara ukifika nusu ya lita zako, kisha robo tatu. Chupa ijazwe kwenye shingo ya ndoo ya katikati. Ndoo ya chini ina maji ya jana na juzi yaliyochanganyika, nayo huchelewa kukuonyesha kwamba mkaa unaanza kuachilia. Ukiona 1.2 inayopanda, agiza mkaa mwingine siku hiyo.

Yanayoharibika

Klorini ikitiwa ndoo ya juu hupotea yote. Kaboni ya mkaa huimeza. Itie ndoo ya chini, kwa kipimo cha lebo ya chupa, usubiri nusu saa. Na itie kweli, maana mkaa wa mifupa hauzuii vijidudu, na chujio lililokaa bila kutumika huwa mahali pazuri pa kuzaliana. Mkisafiri wiki moja, mkirudi mwageni ndoo nzima ya kwanza.

Maji ya bwawa au mto wenye matope huziba mkaa ndani ya majuma machache. Funga kitambaa kizito mdomoni mwa ndoo ya juu na ukioshe kila siku. Mwendo ukipungua hata hivyo, koroga sentimita 5 za juu kwa mkono safi, teka maji machafu kwa kikombe, basi. Kuchimbua mkaa wote ni kualika hewa.

Kuoga, kufua na kunywesha ng'ombe kwa maji ya chujio ni kuchoma mkaa bure. Kwa upande mwingine, watu huchuja maji ya kunywa na kusahau ya chai, uji na ugali. Floridi ya sufuriani huliwa. Majani ya chai yana floridi yake pia, na magadi yanayotiwa kwenye maharagwe au mboga za kienyeji yanaweza kuwa nayo nyingi sana. Nyumba yenye watoto wadogo na kisima kibaya iyaache.

Kwa walio kwenye ukanda wa dhahabu

Migori, Kakamega na Siaya, ambako mwamba wa dhahabu unaweza kuandamana na madini yenye aseniki, shida ni nyingine na chujio hili si jibu lake. Kikomo cha aseniki ni miligramu 0.01 kwa lita, mara 150 chini ya floridi. Aseniki hukamatwa na kutu ya chuma: Nepal hutumia kilo 5 za misumari isiyopakwa zinki, juu ya chujio la mchanga, ikiloweshwa kila siku ili iendelee kushika kutu, na kutu iliyobeba aseniki hubaki mchangani. Lakini fosfati majini hushindania nafasi zile zile kwenye kutu, na mkaa wa mifupa hutoa fosfati. Maji yakiwa na aseniki na floridi pia, chuma kitangulie na mfupa ufuate. Ukigeuza mpangilio, aseniki itapita. Baada ya kujenga pima aseniki maabara kabla mtu hajanywa, na kama kuna kisima kingine kisicho nayo, nenda kwenye hicho.

Mkaa uliochoka

Kuuosha au kuuanika juani hakuurudishii nguvu. Kuna wanaouhuisha kwa soda kali, lakini hiyo ni kazi ya kituo chenye vipimo na mahali pa kumwaga maji yake machafu. Jikoni ni kujiunguza macho. Uliza muuzaji kama huchukua mkaa wa zamani anapokuletea mpya.

Asipochukua, chimba shimo la nusu mita mbali na kisima na mkondo wa maji, uufukie. Usiwape kuku wala ng'ombe. Unafanana na unga wa mifupa unaouzwa kama chakula cha mifugo, na ndiyo sababu watu hujaribiwa, lakini kilo 10 hizo zina gramu 10 za floridi na wanyama nao hupata ubovu wa meno na mifupa. Gunia likikaa stoo kabla ya kufukiwa, liandikwe kwa herufi kubwa.